Wali wakati wa Pasaka: kwa nini Myahudi mmoja ale na jirani yake asile

Wakati wa Pasaka ya Kiyahudi, Torati inakataza chachu ya nafaka tano tu, ngano na shayiri zikiwemo. Mchele, maharage, dengu na mahindi havimo. Hata hivyo, Waashkenazi, ambao wazee wao waliishi Ulaya ya kati na mashariki, hawavili siku zote nane za sikukuu (saba kwa walioko Israeli). Wasefaradi wengi, ambao asili yao ni Hispania na Ureno, wanakula mchele, ila kwanza wanauchambua punje kwa punje, mara tatu, isije ikabaki ngano.

Nguvu ya desturi hii ya kutokula inatoka wapi? Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa kale, inasimulia watu wa mji wa Beishani, ambao wazazi wao hawakusafiri kutoka Tiro kwenda Sidoni siku ya Ijumaa. Watoto wakalalamika: wazazi waliweza kuikosa safari hiyo, sisi hatuwezi. Rabi Yohanani akawajibu kwamba wazazi wao walikwisha kulikubali jambo hilo, akataja Mithali 1:8, "wala usiiache sheria ya mama yako".

Wengi hukosea hapa: wanadhani mchele ni sawa na chachu. Sivyo kabisa! Mchele unaweza kubaki kabatini, mgonjwa anaruhusiwa kuula, na punje ikidondokea chunguni humezwa na wingi wa chakula, chungu hakiharibiki.

Desturi uliyojianzishia mwenyewe ni kama nadhiri. Watu watatu wanaweza kukufungua. Ya kurithi ni ngumu zaidi, na marabi wengi hawakubali ifunguliwe hivyo. Mke, kwa kawaida, hufuata ya mumewe.