Pumu ya Watoto na Tofauti za Jeni
Wanangu wawili wana pumu, na kwa muda mrefu nilijiuliza kwa nini dawa ileile ya kuvuta humtuliza mmoja baada ya dakika chache, ilhali mwenzake huendelea kuhema kwa shida. Nilipoanza kusoma, nilikutana na suala la jeni.

Mwaka 2007 watafiti walibaini kwamba tofauti ndogo katika kromosomu ya 17 (moja ya nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli), karibu na jeni ya ORMDL3, zinahusiana na pumu inayoanza utotoni. Baadaye ilionekana kwamba uhusiano huo una nguvu zaidi kwa watoto ambao, wakiwa wachanga, walipata mafua yaliyowafanya watoe sauti ya mluzi kifuani. Ndiyo maana sikubali mzazi alaumiwe kwa kurithisha pumu, kwani jeni nyingi hushiriki, kila moja kwa kiasi kidogo, tena pamoja na virusi, moshi na vumbi.

Salbutamoli, dawa ya pumu ya kuvuta, hulegeza misuli ya njia za hewa kwa kushika vipokezi, yaani sehemu za seli zinazopokea ishara, vinavyotengenezwa kwa maelekezo ya jeni ya ADRB2, ambayo hutofautiana baina ya watu. Tofauti hizo zimechunguzwa sana, lakini matokeo yamepingana, hivyo madaktari kwa kawaida hawamchagulii mtoto dawa kwa kupima jeni. Huangalia kwanza jinsi anavyoivuta. Kwa mwanangu mdogo, kosa kubwa lilikuwa hapo: alikuwa akivuta pumzi kabla dawa haijatoka.