Jumatatu bila randa: siku yangu moja Keko

Saa 12:20 asubuhi
Dogo, kijana wangu wa karakana ya useremala, ndiye aliyenipigia. "Kaka, njoo. Usinywe hata chai, njoo." Simu ya karakana saa hizo ni moto au ni wezi, na sauti yake haikuwa ya moto.

Saa 1:10
Kufuli zima, linaning'inia palepale nilipoliacha. Wamepitia juu. Wameng'oa misumari minne ya bati upande wa nyuma na kuipanga juu ya boriti, kwa utaratibu, kama mafundi wenzetu. Hilo liliniuma kuliko tundu lenyewe.

Vilivyoondoka: randa ya umeme, drili mbili, rauta ya kuchonga kingo, grainda, na sanduku la patasi. Futi ya dogo nayo imekwenda. Msumeno wa meza umebaki, maana ule kuunyanyua ni kazi ya wanaume wanne. Mbao za mkongo hawakuzigusa.

Chini ya tundu, juu ya unga wa mbao, kuna alama moja ya ndala. Mguu wa kulia, kisigino kimemeguka upande wa nje. Inaonekana vizuri kabisa. Dogo akakimbia kwa mama ntilie kuazima beseni, tukaifunika, polisi waje waikute. Na kutoka hapa ukuta wa gereza la Keko hauko mbali. Mtu kaiba jirani na gereza na kalala kwake.

Saa 2
Ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti kaandika barua, kagonga mhuri, kanipa pole. Michango ya ulinzi shirikishi tunalipa kila mwezi, lakini leo sikuwa na nguvu ya kuuliza vijana wa doria walikuwa wapi.

Saa 3 kasoro
Kituoni. Kaunta ina askari wawili na watu kumi na moja kwenye benchi, mmoja kafungwa kitambaa kichwani na damu imekauka. Ukutani bango: dhamana ni bure. Zamu yangu ikafika saa 4.

"Thamani ya mali?"
"Kama milioni moja na laki nane, afande."
"Risiti?"

Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda kombo. Randa niliinunua mtumba, mkono kwa mkono. Grainda vilevile. Patasi alinipa fundi aliyenifundisha kazi, siku macho yalipomzidi akaamua kupumzika. Zile patasi mipini yake ni mninga, kachonga mwenyewe, na ya nusu inchi ina kovu nilipoiangusha kwenye saruji mwaka wangu wa kwanza akanichapa kofi. Risiti ya hiyo ningeitoa wapi?

"Namba za mashine?"

Sina. Simu ikiibwa angalau kuna IMEI, namba yake ya utambulisho, na ukiwa makini umeiandika mahali. Drili nayo ina namba yake, ipo kwenye kikaratasi kilichobandikwa ubavuni, lakini nani amewahi kuisoma? Mwezi mmoja wa vumbi na jasho, kimefutika.

"Unamshuku nani?"

Swali hili ukilisikia mara ya kwanza unadhani ni la kawaida. Afande alikuwa kasimamisha kalamu, anasubiri jina. Nikitaja, wataondoka sasa hivi kwenda kumkamata, na wa kutajwa ni mmoja tu: babu mlinzi wa kona, mzee wa miaka sitini na ushei ambaye analinda eneo la karakana nane kwa rungu na tochi. Atalala ndani kwa ajili ya randa yangu. Nisipotaja, jalada halina pa kuanzia.

"Simjui, afande."
Akaandika. "Basi. Chukua RB yako, namba ya taarifa uliyotoa. Mpelelezi atakupigia. Na mkijua vilipo, mtuite haraka."

Mkijua vilipo. Nikamuuliza kama kuna atakayekuja kuangalia alama ya ndala. Akanijibu bila ukali wowote kwamba gari limetoka, mafuta ni ya kubahatisha, na mpelelezi wa zamu ana majalada ambayo hata mimi ningeyashughulikia kwanza kabla ya langu. Yule wa kitambaa kichwani alikuwa bado kakaa pale. Sikuwa na la kubishana.

Saa 6
Mteja kapiga. Kitanda cha sita kwa sita, harusi Jumamosi, malipo ya awali nilishayala kwenye mbao. Nimemwambia kinaendelea. Ukweli ni kwamba matendegu yapo, mchago haujapigwa hata randa moja.

Saa 7 na nusu
Nikaenda soko la vifaa vya mitumba. Jina naliacha. Kila fundi wa Dar akiibiwa anakwenda kwanza huko, na ushauri huo nimepewa na watu watatu leo, mmoja wao kavaa sare.

Turubai hadi turubai. Grainda, spana, drili zenye waya uliofungwa upya kwa selotepu. Nikaanza kuziangalia jinsi sikuwahi kuziangalia nilipokuwa mnunuzi: hapa pamepigwa msasa, pale herufi zimekwanguliwa kwa bisibisi, pale rangi mpya juu ya jina la mtu. Na randa yangu? Nilipoinunua ilikuwa na "H.M." chini ya mshikio. Nikaisugua mwenyewe, nikachoma herufi zangu. Nilijiambia H.M. kaiuza kwa shida zake. Kanuni ya Adhabu ina kifungu chake, kwa anayepokea mali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kuwa ni ya wizi. Ujanja wetu wote ni kushika hilo neno "akijua" na kuruka linalofuata.

Patasi sikuziona. Drili moja ya bluu, elfu sitini na tano. Nikaomba risiti. Muuzaji akacheka mpaka jirani yake akageuka. "Risiti ya nini, kaka? Ipo inazunguka au haizunguki?"

Inazunguka. Nikainunua. Harusi ni Jumamosi.

Saa 11 jioni
Jirani kaniazima randa ya mkono. Mkongo ni mgumu, unarusha randa ukienda kinyume na nyuzi, na kwa mkono ubao mmoja wa mchago umenila saa nzima. Mabega yanawaka. Dogo anapiga msasa kimya kimya.

Simu. Mpelelezi.
"Uko eneo la tukio?"
"Nipo, afande."
"Leo tumebanwa. Kesho basi, uandae usafiri, hata bajaji."

Saa 1 usiku
Bati tumelirudisha kwa misumari mirefu, ncha tumezikunja kwa ndani. Nitalala hapa, nimeleta shuka. Babu mlinzi kapita mara mbili kuniambia hakusikia kitu, nami nimemwambia mara mbili kwamba sikumtaja.

Kisha akaja mama ntilie. Kutwa nzima tulikuwa tunaliruka beseni lake, na yeye ana maharage ya kuloweka. "Baba, hao polisi wako wanakuja au hawaji?"

Nikaliinua. Alama ilikuwa palepale, kisigino chake kimemeguka. Nikakung'uta unga wa mbao, nikampa.