Papa wa Barabarani

Agosti 2017, Houston ilipofunikwa na mafuriko ya kimbunga Harvey, nilituma kwenye kundi la ukoo la WhatsApp picha ya papa akiogelea barabarani, ubavuni mwa gari. Nikaandika chini yake: "Haya, mambo ndiyo hayo!" Dakika tano hazikupita, mpwa wangu akajibu: "Mjomba, huyo papa alionekana Puerto Rico mwaka 2011. Anasafiri kuliko wewe."

Kundi zima likacheka. Mimi nikanuna, kwa sababu picha ile nilikuwa nimeikagua kabla ya kuituma. Niliivuta ikawa kubwa, nikaangalia pezi, kivuli, viwimbi vya maji. Kila kitu kilikaa sawasawa. Jioni mpwa wangu akaniletea chanzo: papa huyo amekatwa kutoka kwenye picha ya kweli ya Thomas Peschak, iliyochapishwa mwaka 2005, inayoonyesha papa mweupe akimfuata mtu ndani ya kayaki katika bahari ya Afrika Kusini. Ningeikodolea macho picha yangu hadi alfajiri nisingeliona hilo. Jibu halikuwa ndani ya picha.

"Unakaa sana kwenye ukurasa, mjomba," aliniambia. "Toka nje." Alikuwa na maana kwamba tabia ya mtu huiulizi kwake, unawauliza majirani. Mwaka huohuo Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa utafiti ambamo waliwatazama watu 45 wakipima tovuti: wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wahakiki wa habari 10 na wanafunzi 25 wa chuo hicho. Wanahistoria na wanafunzi wengi walibaki palepale wakisoma, wakavutwa na nembo nzuri na majina mazito. Wahakiki walitoka upesi, wakafungua kurasa nyingine kuona wengine wanasema nini kuhusu tovuti ile. Nilifarijika kidogo. Kumbe hata madaktari wa historia hukodoa macho.

Mtihani wangu ulikuja kupitia dada yangu. Alituma ujumbe mrefu kwamba maji ya moto yenye limau yanaua saratani, kwa mujibu wa profesa wa hospitali kubwa. Juu yake palikuwa na mishale miwili, alama ya WhatsApp kwamba ujumbe umeshapita mikono mingi. Zamani ningeusoma mara tatu nikitafuta kosa. Safari hii nilichukua sentensi moja iliyokaa vibaya, nikaizungushia alama za kunukuu, nikaitafuta. Ikarudi vilevile, na kosa lake la tahajia, kwenye kurasa chungu nzima. Kilichobadilika ni profesa tu: hapa ana jina hili na nchi hii, pale jina jingine na nchi nyingine. Nikafungua kurasa za taasisi za saratani, ambako kuna maelezo ya wazi kwamba limau haiponyi ugonjwa huo. Kazi yote haikufika dakika kumi.

Kosa likaja baadaye. Nilimwaga ushahidi wangu wote mbele ya kundi, kwa mbwembwe. Dada alikaa kimya siku mbili, kisha nikasikia kwamba rafiki yake alikuwa ameanza matibabu wiki ileile. Siku hizi namwandikia pembeni, na naanza kwa kumuuliza ameipata wapi.

Sikagui kila kitu, nisije nikadanganya. Nyingi nazipita tu, maana kutosambaza hakuhitaji utafiti. Na udhaifu wangu naujua: habari inayomwaibisha mwanasiasa nisiyempenda huiamini kabla sijamaliza kuisoma, kidole kiko tayari kwenye kitufe cha kutuma. Ikinifurahisha hivyo, naiweka simu kifudifudi mezani, naenda kufanya shughuli nyingine. Nikirudi, mara nyingi hamu ya kuituma imekwisha, hata kabla sijaitafuta.

Wiki iliyopita dada alinitumia video ya mbuzi aliyepanda juu ya paa la basi linalokwenda. Mishale miwili ipo palepale. Chini yake aliandika: "Nimeshaitafuta, ni ya zamani sana. Lakini mtazame huyo mbuzi."