Nilivyoisikia pampu ya MGB yangu ikivuta hewa

Mara ya kwanza gari lilinizimikia Snake Pass, ile barabara ya A57 inayopanda kutoka Glossop kwenda Sheffield. Juu kabisa unafika kama mita 510 kutoka usawa wa bahari, na njia nzima ni nyasi, kondoo na upepo, nyumba huoni. Nilikuwa nimetoka nyumbani Manchester asubuhi na gari langu, MGB ya 1970, gari dogo la michezo lenye paa la turubai, likienda vizuri kabisa. Katikati ya mlima likaanza kukatakata. Nikakanyaga pedeli ya mafuta zaidi, likazidi kufa. Nikalivuta pembeni likiwa kimya, malori yananipita karibu. Baada ya dakika kumi hivi nikapiga stata, likawaka palepale kama gari zima.

Ugonjwa wa namna hiyo unachosha roho, kwa sababu ukilifikisha kwa fundi linakuwa halina tatizo. Mjini lilikwenda siku nzima bila kukohoa. Ulipe mlima, au barabara kuu kwa mwendo wa dakika ishirini, ndipo linakukatalia. Nikagundua pia kwamba tangi likishuka chini ya nusu, linakufa mapema zaidi. Jambo hilo nililiona mapema lakini sikulipa uzito, na ndilo lililokuwa na jibu ndani yake.

Kosa langu lilikuwa kuanza na umeme. Wanaoyapenda magari haya wana kauli yao, kwamba matatizo mengi ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, huwa ni ya umeme, na mara nyingi ni kweli. Nikanunua koili mpya, nikabadilisha kondensa, nikasafisha platini, vile vigusano vinavyokata umeme, za distribyuta, vyote vya kuleta cheche. Jumamosi mbili zikaisha hivyo. Jumamosi ya tatu likanizimikia tena, safari hii kwenye M60, barabara kuu inayoizunguka Manchester.

Siku hiyo nilikuwa na spana ya plagi kwenye buti. Nilipofika sehemu salama, kabla injini haijapoa, nikafungua plagi moja. Ilikuwa kavu. Nikaipeleka puani, hata harufu ya petroli haikuwapo. Cheche inapokosekana, petroli inaingia bila kuungua na plagi inatoka imelowa. Yangu ilikuwa kavu kama kijiti cha kiberiti, kwa hiyo petroli haikuwa inafika. Nikafungua switchi bila kupiga stata, na kutoka nyuma nikasikia tiktiktiktik ya haraka isiyokoma.

Hapo inabidi nieleze kidogo. MGB lilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na yalitoka zaidi ya 500,000, ndiyo maana vipuri vyake bado si shida kupata. Injini yake ni ya cc 1798 na kabureta mbili za kampuni ya SU. Petroli inaletwa na pampu ya umeme, nayo ya SU, iliyofungwa nyuma upande wa kulia, mbele ya ekseli. Ndani yake mna sumaku ya umeme inayovuta kiwambo cha mpira. Kiwambo kikifika mwisho, platini zinaachana, umeme unakatika, springi inakirudisha na kusukuma petroli mbele. Kila mpigo ni tik moja. Kabureta zikijaa, boya linapanda na sindano inaziba mlango, petroli inakosa pa kwenda na pampu inanyamaza. Gari zima ukifungua switchi linapiga tik-tik-tik, linapunguza, linatulia. Langu halikutulia.

Nikampigia simu mjomba wangu Mombasa. Ujana wake wote aliumalizia gereji akitengeneza Morris Minor, na zile nazo zilitumia pampu ya SU, ila yao ilikaa chini ya boneti.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba mwanangu. Mbona wapiga saa hizi?”

Nikamweleza. Akanikatiza: “Hebu iweke simu karibu na pampu nisikie.” Nikaishusha karibu na gurudumu la nyuma nikafungua switchi. Akasikiliza kimya kwa muda, hata nikadhani laini imekatika.

“Pampu yako nzima,” akasema. “Pampu mbovu hunyamaza, hata uende ukaigonge ndipo ilie. Hiyo yakimbia kwa kuwa haina mzigo. Yavuta hewa. Nenda ukatazame mpira baina ya tangi na pampu, kabureta usiziguse.”

Kesho yake nilitaka kuona kwa macho. Nje kabisa, mbali na jiko na kitu chochote cha moto, mtungi wa zimamoto ukiwa miguuni, nikachomoa mpira unaoingia kabureta ya mbele na kuuingiza kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Mke wangu akafungua switchi. Kwa nguvu inayotakiwa, nusu lita inapaswa kuingia chini ya dakika moja. Yangu ilianza na mkondo mnene, nikadhani mjomba amekosea. Kisha mkondo ukaanza kutema, mapovu, petroli kidogo, mapovu tena, kama mtu anayemalizia soda kwa mrija. Dakika ikapita na nusu lita haijatimia. Mjini kiasi hicho kilitosha, kwa kuwa injini inakunywa polepole na kabureta zinapata nafasi ya kujaa. Mlimani kabureta zilikauka, nikisimama dakika kumi bila kufunga switchi zikajaa tena. Kila kitu kilichonisumbua kwa mwezi mzima kilielezwa na chupa ile.

Nikafungua kifuniko cha tangi nikisikiliza kama hewa itaingia kwa kishindo, maana tundu lake la hewa likiziba nalo linaleta balaa linalofanana na hili. Hakukuwa na mlio. Nikatoa waya wa betri, nikalipandisha gari kwa jeki, nikaweka stendi, nikavua gurudumu la nyuma la kulia.

Mpira mfupi unaotoka kwenye bomba la tangi kwenda pampu ulikuwa mweusi, mkavu, haukuwa na tone. Kwa macho ulionekana mzima. Nilipoukunja kwa vidole ukafunguka mistari mingi, kama kisigino kilichopasuka wakati wa kipupwe. Haukuvuja kwa sababu uko upande wa kuvutwa: pampu inaponyonya, mpasuko unaingiza hewa badala ya kutoa petroli. Na tangi likijaa, uzito wa petroli unausaidia mkondo, ndiyo maana shida ilizidi likishuka chini ya nusu.

Petroli ya kawaida Uingereza imekuwa E10 tangu Septemba 2021, maana yake ethanoli, aina ya alkoholi, ndani yake inaweza kufikia asilimia 10, na mipira ya zamani haiipendi. Ukinunua mpira mpya, soma maandishi yaliyo ubavuni. Mimi nilichukua ulioandikwa R9, unaohimili ethanoli, nikabadilisha mipira yote hadi kwenye kabureta. Nikatupa na klipu za zamani zilizokuwa zinaula mpira.

Usiku nililala kwa amani. Asubuhi nilipofungua switchi nikakuta kabureta ya mbele inadondosha petroli chini kupitia bomba lake la kumwagia petroli iliyozidi.

Moyo ulinianguka, lakini sasa nilijua pa kutazama. Nikafungua skrubu tatu za kifuniko cha chemba ya boya, nikalinyanyua boya taratibu, nikachomoa sindano. Kwenye kiti chake palikuwa na chembe nyeusi ndogo kuliko punje ya ufuta, kipande cha mpira wa zamani kilichosafiri na petroli mpya iliyokuja kwa nguvu. Sindano ilikuwa haifungi. Nikasafisha, nikapuliza, nikafanya vivyo hivyo kabureta ya pili, nikafunga na filta ndogo baada ya pampu. Ukibadilisha mipira ya gari la miaka hii, safisha na chemba za boya siku hiyohiyo, usingoje.

Jumapili nikarudi Snake Pass na tangi likiwa robo, makusudi. Nilipanda mpaka juu bila kupunguza mguu. Pale kileleni nikazima, nikatoa simu, nikafungua switchi na kurekodi: tik, tik, halafu kimya na upepo. Nikamtumia mjomba. Jibu likaja kabla sijashuka mlima.

“Hiyo sasa imeshiba.”