Majivu Juu ya Barafu ya Sólheimajökull

Ukitoka Reykjavík, mji mkuu wa Iceland, kuelekea mashariki kwa barabara ya pwani ya kusini, mwendo wa takriban kilomita 150 hukufikisha Sólheimajökull, mto wa barafu unaoteremka kutoka Mýrdalsjökull, ile barafu kubwa iliyoifunika volkano ya Katla. Si mweupe. Umepakwa michirizi myeusi ya majivu, na Mkenya anayekumbuka Aprili 2010 hawezi kuyatazama kama mgeni, kwa kuwa volkano jirani ya Eyjafjallajökull ilipolipuka, safari za ndege za Ulaya zilisitishwa na maua ya Naivasha yakaozea maghalani.

Kabla ya kupanda tulifungwa vyuma vyenye meno chini ya viatu, tukafundishwa kuachanisha miguu na kukanyaga kwa wayo mzima ili meno yote yashike. Mwili huzoea upesi. Kilichonivutia zaidi ni vilima vidogo vyeusi vilivyotapakaa juu ya barafu, ambavyo kwa macho yangu vilikuwa vichuguu hasa. Kiongozi wetu alikipiga kimoja kwa shoka lake, na chini ya tabaka la majivu ikatokea barafu tupu, ngumu, yenye rangi ya buluu iliyoiva. Alitueleza kwamba vumbi jepesi la majivu hunyonya joto la jua na kuharakisha kuyeyuka, ilhali majivu yakiwa mazito huikinga barafu. Ndiyo maana pale yalipolundikana barafu hubaki imesimama huku ya pembeni ikizidi kushuka. Nilimwomba apige kingine, nikapitisha kidole mpakani, mahali ambapo majivu makavu yanakutana na maji ya baridi kali.

Mbele ya barafu kuna ziwa lililoachwa na barafu yenyewe ilipokuwa ikirudi nyuma, na wanafunzi wa shule ya eneo hilo wamekuwa wakipima kurudi huko kila mwaka tangu 2010. Hapo niliwaza kwetu. Barafu ya Lewis, katika Mlima Kenya ambao asubuhi yenye anga safi huonekana hata kutoka Nairobi, imepimwa na wanasayansi tangu 1934, na kufikia 2010 ilikuwa imepoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake. Ningependa sana wanafunzi wa sekondari wa Nanyuki na Naro Moru wapelekwe huko na kamba ya kupimia, maadamu kungali na cha kupima.