Choo cha rangi ya chokaa

Ijumaa, usiku

Leo mama mmoja alinifungulia nepi mezani kabla sijamuuliza neno. "Shikamoo daktari. Tazama mwenyewe." Choo kilikuwa cheupe kama chokaa iliyolowa maji, ilhali macho ya mtoto yalikuwa manjano kama kiini cha yai. Mtoto ana wiki 15. Nilipompapasa tumbo upande wa kulia, ini lilikuwa limeshuka vidole vinne chini ya mbavu, tena gumu.

Mama aliliona hilo tangu wiki ya tatu. Zahanati ya kwanza walimwambia amwanike mtoto jua la asubuhi, naye akamwanika, kila siku, bila kukosa. Hapo ndipo aliponikata maini.

Mirija ya nyongo ya mtoto huyu imeziba. Nyongo ikikosa njia ya kufika utumboni, choo hukosa rangi, na ile nyongo iliyokwama huliharibu ini taratibu. Daktari Morio Kasai wa Japani alionyesha tangu miaka ya 1950 kwamba kipande cha utumbo kinaweza kushonwa moja kwa moja kwenye mlango wa ini, nyongo ikapata pa kupita. Lakini upasuaji wake hufaa zaidi mtoto akiwa hajafikisha siku 60. Akichelewa, mara nyingi hubaki kupandikizwa ini tu, na kwa wazazi ninaowaona mimi hiyo ni habari ya India, ya kuuza kiwanja na kuchangisha ukoo mzima.

Tangu magharibi namuwaza daktari wa upasuaji Thomas Starzl. Tarehe 1 Machi 1963, mjini Denver, Marekani, yeye na wenzake walijaribu kwa mara ya kwanza kumpandikizia binadamu ini. Mgonjwa alikuwa mtoto wa miaka mitatu, na ugonjwa wake ni huu huu wa mirija. Alivuja damu hadi akafia pale pale mezani. Wanne waliofuata mwaka huo, hakuna aliyemaliza mwezi. Zile juhudi za kuzuia damu isivuje zilizaa mabonge ya damu, mabonge yakasafiri hadi mapafuni. Starzl akasitisha upandikizaji. Alirudi maabara akakaa huko miaka zaidi ya mitatu, hadi Julai 1967, alipompandikizia mtoto wa kike wa mwaka mmoja na nusu, akaishi zaidi ya mwaka.

Wengi humsifu kwa huo mwaka wa 1967. Mimi namheshimu kwa Desemba 1963, alipochapisha habari za wagonjwa wake watatu wa kwanza, wote wakiwa wamekwisha kufa, akaeleza wazi kilichoharibika. Nimewahi kukaa vikao ambavyo faili la marehemu hufunikwa haraka, tukahamia ajenda nyingine. Kuandika kifo ulichokishika kwa mikono yako kunataka moyo.

Utafiti wangu mimi hauna kisu. Ni daftari lenye safu nne: siku mtoto aliyozaliwa, siku mama alipoona choo kimebadilika, siku alipofika kituo cha kwanza, siku alipofika kwetu. Taiwan, tangu 2004, wameweka picha za rangi za choo kwenye kijitabu cha kliniki cha kila mtoto, mama analinganisha mwenyewe nyumbani, na watoto wanaowahi upasuaji wameongezeka. Ni karatasi tu yenye rangi. Nataka daftari hili lijae ushahidi wa kutosha nilipeleke kwa wanaochapisha kadi zetu za kliniki.

Nimeshaandika mstari wa leo. Choo kubadilika, siku ya 19. Zahanati, siku ya 24. Kwetu, siku ya 105.

Alipokuwa akimfunga mtoto mgongoni kwa kanga, aliniuliza kama jua lile ndilo lililomdhuru. Nikamwambia, "Hapana mwanangu, jua halikumdhuru." Jumatatu atarudi na mumewe, tuzungumze.