Ndizi za msiba tutazimenyea wapi?

Fundi anayenijengea nyumba kijijini alinipigia saa nane usiku. Kwao Kibosho, mkoani Kilimanjaro, ilikuwa saa tatu asubuhi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kubishana. "Bosi, boma limefika kwenye lenta, ila mama amekataa tusiendelee."

"Mpe simu."

Shikamoo, marahaba, watoto hawajambo, baridi vipi huko. Kisha akafika alikokuwa anaelekea: "Hivi mwanangu, jiko la nyumba hii liko wapi?"

"Liko ndani, Mama. Kando ya sebule."

"Haya. Na ndizi za msiba tutazimenyea wapi?"

Nikamwambia nitampigia kesho.

Niwaeleze ninapoishi, maana wapo Moshi wanaodhani niko kwenye jumba. Nyumba yetu hapa Columbus, Ohio, ilijengwa 1953. Ni ya mbao, vyumba viwili, bafu moja. Kila asubuhi wanne tunapanga foleni mlangoni pa bafu kama tunagombea daladala ya Kiboroloni. Ndivyo walivyojenga zama zile. Askari walikuwa wamerudi kutoka Vita Kuu ya Pili, wanaoa, hawana pa kukaa. Kule Levittown, New York, nyumba zikaanza kupandwa kama mahindi mwaka 1947: futi za mraba 750, yaani mita za mraba 70 hivi, vyumba viwili na bafu moja, vyumba vya darini utamalizia mwenyewe ukipata hela. (Mikataba ya mwanzo ilikataza asiye Mzungu kuishi humo, kwa hiyo mimi ningeishia kuzitazama kutoka barabarani.) Watu walilea familia humo wakaona wamefika.

Wajukuu zao hawataki kuzisikia. Mwaka 1973 nyumba mpya ya katikati, si kubwa si ndogo, ilikuwa na futi za mraba 1,525. Kufikia 2015 ilishapita 2,400. Na wakaaji wanapungua! Mwaka 1970 kaya ya Kimarekani ilikuwa na wastani wa watu watatu na kidogo, siku hizi ni wawili na nusu. Mtaa wa pili kutoka kwetu kuna mzee na mkewe wana gereji ya magari matatu. Ukiitia marumaru ile gereji, sisi tungehamia kesho.

Nilikuwa nawacheka sana, mpaka usiku ule nilipokosa usingizi nikafungua ramani yangu mwenyewe.

Vyumba sita, vyote self, kila kimoja na choo na bafu lake. Sebule mbili, moja ya wageni "wa heshima". Paa limefichwa nyuma ya ukuta kama zile nyumba za mtandaoni, paa ambalo fundi mwenyewe aliniambia kwa upole kwamba kwa mvua za Kibosho litatusumbua kwenye mifereji. Atakayelala humo ni Mama na binti wa kazi.

Mama alizaliwa kwenye msonge. Paa la nyasi lilishuka mpaka chini, moto katikati, watu upande huu, ng'ombe na mbuzi upande ule, na joto la mifugo ndilo lililokuwa blanketi. Baba yeye alikulia kwenye nyumba ya pembe nne. Babu aliuza kahawa yake KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kilichoanza 1933, na bei ilipokuwa nzuri miaka ya 1950 akanunua mabati na saruji. Ng'ombe wakahamia bandani. Vyumba vitatu tu, na humo tumelala watoto saba, wajomba wakija tunalala mzungu wa nne. Mwaka 1989 mkataba wa dunia wa kahawa ulipovunjika, bei ikaporomoka, wengi wakang'oa mibuni. Tangu hapo nyumba za Uchagani hazijengwi na shamba. Zinajengwa na biashara za Kariakoo, Dar, na watu kama mimi.

Tuseme ukweli: tunajenga kwa kuonyeshana. Desemba tunapanda wote mlimani, tunazunguka kukagua mageti, tarehe mbili Januari tunafunga, tunamwachia mlinzi funguo. Mimi ni kitinda mimba, boma la wazazi ni langu kulirithi, na niliona aibu kurithi mabati yenye kutu. Kihamba chenyewe, shamba la ukoo la migomba na kahawa, kimegawanywa tangu enzi za babu hadi kimebaki kama uwanja wa mpira wa watoto. Msingi wangu umekula migomba kumi na tisa. Mama alinihesabia.

Kesho yake nikampigia. Nikamwambia tuondoe chumba cha sita na sebule ya heshima, pale nyuma tuache wazi, tujenge jiko la nje. Akanyamaza kidogo. "Na kibaraza," akasema, "chenye kivuli. Wamama hawamenyi ndizi wamesimama."

Jumapili fundi alinitumia picha. Mama ameshika fimbo, anaonyesha vigingi vipigwe wapi, kanga kiunoni. Chini yake fundi ameandika vipimo alivyoambiwa: mafiga ya sufuria nane, sehemu ya kuchachushia mbege, pombe yetu ya ndizi, kibaraza cha watu thelathini.

Nikapiga hesabu. Jiko limezidi sebule yangu ya Columbus na chumba cha watoto juu yake.